Marx, soko huru na bakuli la kangomba

Mabishano ya ubepari na ujamaa nimeyasikia tangu nikiwa mdogo, na sikuyasikia kwa wasomi. Nimeyasikia barazani kwa Mjomba, Newala, siku hizi kati yake na mume wa dada yangu. Mjomba ni mwalimu mstaafu. Enzi zile alipelekwa kozi Chuo cha Kivukoni, Kigamboni, na alirudi na begi la vitabu na desturi ya kuuliza "kwa manufaa ya nani?" kabla hujamaliza sentensi. Shemeji ni mfanyabiashara wa mazao: korosho, ufuta, mbaazi, chochote kitakachopata mnunuzi. Mimi natunza vitabu vya chama cha msingi cha ushirika, kwa hiyo wakianza hunigeukia mimi kama hakimu. "Mpwa wangu, mtolee mkwe wangu hesabu." "Shem, mwambie Mjomba dunia imebadilika."

Kinachowagombanisha ni kimoja kila mwaka: bei ya korosho.

Mjomba husema thamani inatokana na kazi. Nani amepalilia? Nani ameamka alfajiri kupulizia salfa mikorosho kabla upepo haujaanza? Nani ameinama mchana kutwa kuokota, akanyofoa bibo, akaanika, akachambua? Mwenye lori hakugusa hata tawi, lakini ndiye anayejenga ghorofa Mtwara mjini. Huo, kwa Mjomba, ni unyonyaji, na Marx alishausema mwaka 1867 katika Kapitali.

Tatizo ni kwamba Marx hakusema hivyo. Nimeisoma juzuu ya kwanza, si yote, lakini sehemu inayohusika hapa nimeirudia. Marx hakuiweka thamani ya ziada, yaani chimbuko la faida ya tajiri, kwenye kununua rahisi na kuuza ghali. Alisema wazi kwamba hata kila kitu kikiuzwa kwa thamani yake halali, bila wizi wa mzani, faida bado itapatikana, kwa sababu tajiri ananunua nguvu kazi ya mtu kwa siku nzima na nguvu hiyo inazalisha zaidi ya ujira wake. Siri imo ndani ya kiwanda, kwenye saa za kazi. Mfanyabiashara anayezunguka vijijini anagawana tu kile kilichokwisha kuzalishwa na wengine. Anachokihubiri Mjomba ni lugha ya Azimio la Arusha, ile ya mirija na makupe, na Nyerere mwenyewe hakuwa Mmarx. Maandishi yake ya 1962 kuhusu ujamaa yanaukataa waziwazi ujamaa unaojengwa juu ya vita vya matabaka. Msingi aliouchagua yeye ni undugu.

Halafu kuna jambo ambalo Mjomba hapendi nilitaje mbele ya wageni. Mkulima wa korosho wa huku ana shamba lake na mikorosho yake, mingi imepandwa na babu zake. Yeye si mfanyakazi asiye na kitu ila mikono. Na wakati wa palizi anaweka vibarua, wengine wamevuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, anawalipa kwa eneo walilolima. Mjomba anao. Ukimpima kwa kipimo cha Marx, yeye ndiye bepari mdogo wa hadithi hii. Nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema vibarua wake wanakula naye. Sikumjibu. Kweli wanakula naye.

Upande wa Shemeji hoja ni fupi. Bei ni habari. Mnunuzi wa Vietnam au India akiwa na kiwanda kimekaa bila mali, Shemeji hana haja ya kujua kwa nini. Anaona bei imepanda na anaagiza magunia. Hajawahi kumsoma mchumi Friedrich Hayek, lakini anachosema ndicho alichokiandika Hayek mwaka 1945: ujuzi umetawanyika kwa mamilioni ya watu, hakuna ofisi inayoweza kuukusanya wote, na bei ndiyo inayoubeba. Mfano wake ni mzuri. Afrika Magharibi wanavuna nusu ya kwanza ya mwaka. Sisi tunavuna kuanzia Oktoba, viwanda vya Asia vikiwa vinatafuta mali mpya. Hakuna mtu Dodoma aliyekaa mezani akaupanga mpishano huo, na bado unatulipa.

Na historia inampa nguvu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimeshuka chini ya 20,000. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe tunaoupulizia salfa, ulikula maua, huo hauna itikadi. Lakini Operesheni Vijiji iliwahamisha watu wakaenda kuishi mbali na mikorosho yao, na mkorosho usiopaliliwa msitu unaumeza upesi. Mnunuzi akawa mmoja, mamlaka ya serikali ya korosho iliyoanzishwa 1973. Vyama vikuu vya ushirika vikafutwa 1976. Katika miaka hiyo ya 1970 sehemu ya bei ya nje iliyomfikia mkulima ilizidi kupungua. Mjomba alikuwa anafundisha wakati huo na anakumbuka watu waliokuwa wanapita chini ya mikorosho yao bila kuinama kuokota. Nikimuuliza nani alikuwa mnyonyaji pale, maana bepari alikuwa ameshafukuzwa, ananijibu kwamba serikali ilikuwa yetu. Ndiyo, Mjomba, lakini mzani ulikuwa wake.

Wakati huohuo, kwa mikopo ya nje, Benki ya Dunia ikiwemo, vilijengwa viwanda vikubwa vya kubangua. Vingi vilikamilika korosho zikiwa zimekwisha pungua. Baadaye viliuzwa kwa watu binafsi, na vingine vikaishia kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Hapo Mjomba na Shemeji wote hunyamaza. Serikali ilijenga bila mali, sekta binafsi ikanunua bila kubangua.

Soko lilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanunuzi binafsi wakaingia, mikorosho ikarudiwa, salfa ikapatikana, na kufikia mwisho wa muongo ule mavuno yalikuwa yamerudi juu ya tani 100,000. Shemeji anapenda kuishia hapo. Mimi naendelea, kwa sababu nakumbuka yaliyofuata. Wanunuzi walikuwa wanakuja kijijini wakiwa wameshakubaliana bei njiani. Mizani ilikuwa na tabia zake. Ilipofika 2007 serikali ikaleta stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake, chama kinazipeleka ghala kuu, mnada unafanyika, wanunuzi wanashindana, anayetoa bei nzuri anachukua. Kuuza nje ya utaratibu huo kukapigwa marufuku.

Utaratibu huu ndio unaonifanya nisichukue upande wa yeyote kati yao. Shemeji anausifu mnada kama ushahidi wa soko, akasahau kwamba ushindani ule upo kwa sababu sheria imewalazimisha wanunuzi waje sehemu moja, na ushirika umezikusanya korosho za maskini zikawa shehena ya kumfanya mkubwa ageuke. Mjomba anausifu ushirika, akasahau kwamba siku wakija wanunuzi wawili tu, ushirika wake hauna cha kuwafanya.

Mjomba aliwahi kudhani kipo. Mwaka 2018 bei za mnadani zilikuwa mbaya, wakulima wakazikataa. Novemba, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzibeba. Siku ile Mjomba alivaa kofia yake ya zamani ya chama akaenda sokoni, hanunui kitu, anatembea tu. Bei ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Lakini ukaja uhakiki wa mashamba, malipo yakachelewa, na wapo walioingia msimu uliofuata bado wanadai. Korosho nazo zilikaa maghalani miezi, serikali ikizitafutia mnunuzi nje kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Sijui kama kuna kitabu cha siasa kinachofundisha tofauti ya bei iliyotangazwa na bei iliyo mkononi. Sisi tunaotunza vitabu vya chama tuliulizwa hiyo tofauti kila asubuhi, na wengine waliuliza wakiwa na fimbo.

Sasa nifike ninapotaka kufika.

Agosti na Septemba huku kwetu hakuna hela. Ufuta umeshauzwa na hela yake imeshakwenda, mikorosho ina maua, shule zinadai michango, mtoto anaumwa, kuna sherehe ya mwali. Hapo ndipo kangomba inapofanya kazi. Mtu anapita na bakuli na noti. Anakupa hela leo, wewe utamlipa korosho ukivuna, bakuli kwa bakuli. Kila msimu viongozi wanatangaza vita na kangomba, na kila msimu kangomba ipo. Siwezi kuapa kwamba Shemeji hajawahi kushika bakuli.

Jirani yetu, mama mwenye ekari tatu, mwaka mmoja alichukua hela Septemba kwa hesabu ya kama shilingi elfu moja kwa kilo. Mnada ukaja na zaidi ya elfu tatu. Korosho ni zilezile, na mpaliliaji ni yeye yuleyule. Nadharia ya thamani ya kazi haiwezi kunieleza ile elfu mbili imetoka wapi, kwa maana kazi haikubadilika. Shemeji ananiambia walikubaliana, hakuna aliyeshikiwa panga. Ni kweli. Lakini mmoja wao angeweza kukataa akaenda zake kulala, na mwingine alikuwa na mtoto mwenye homa. Elfu mbili ile ni bei ya kusubiri. Aliyeweza kusubiri wiki kumi aliichukua kwa asiyeweza.

Ndiyo maana nikisikia watu wanabishana kama ubepari ni unyama au kama Marx alipitwa na wakati, natamani waniambie kwanza Septemba hela inatoka wapi. Mabepari wakubwa wa dunia hawajaogopa kusubiri, wana benki. Na wajamaa wetu walipotaifisha benki Februari 1967, ndani ya siku chache baada ya Azimio, walikuwa wamegusa mahali penyewe kabisa, kisha mkopo ukawa na foleni yake na mjuano wake, na mama mwenye ekari tatu hakuwahi kufika mbele ya ile foleni.

Kuna mahali pamoja ambapo Mjomba ananishinda moja kwa moja, nalisema hapa kwa sababu nikimwambia ana kwa ana hatanyamaza mwaka mzima. Ni kwenye kubangua. Mama yangu mdogo alifanya kazi kiwanda kimoja cha watu binafsi. Mafuta ya ganda la korosho yanachoma ngozi. Mikono inageuka myeusi, inachunika, wanajipaka majivu au mafuta ya nyonyo na kuendelea. Analipwa kwa kilo ya korosho karanga, yaani kiini kilichokwisha banguliwa, na zile zilizovunjika zinahesabiwa kwa bei ya chini. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi ndizo zinazotoa kilo moja ya karanga, kwa hiyo fikiria ni maganda mangapi yanapita vidoleni kwa siku. Marx ana sura nzima kuhusu ujira wa kulipwa kwa kipande: anaeleza kwamba mfanyakazi anajisukuma mwenyewe, msimamizi hana haja ya kupiga kelele, na kiwango kikishapanda bei ya kipande inashushwa. Nilimsomea mama mdogo sehemu hiyo kwa Kiswahili changu cha kubahatisha. Akauliza, huyo mzungu alifanya kazi kiwanda gani?

Shemeji aliposikia alisema afadhali kazi hiyo kuliko hakuna. Mama mdogo alisema naye hivyo hivyo, kwa sauti tofauti.

Mwaka huu nimepeleka pendekezo kwenye mkutano mkuu wa chama. Chama kiweke mfuko wa Agosti: kikate shilingi chache kwa kila kilo msimu huu, na msimu ujao mwanachama aweze kukopa kiasi kisichozidi theluthi ya mavuno yake ya mwaka uliopita, arudishe mnadani pamoja na riba ndogo. Salfa miaka ya karibuni imekuja kwa ruzuku ya serikali, kwa hiyo hela ile ingekwenda kwenye matumizi ya nyumbani, ambako ndiko kangomba inakoingilia.

Mjomba alisimama akapinga riba. Riba ni riba, hata ikipigwa muhuri wa ushirika. Shemeji, ambaye kadi yake ya uanachama ameilipia mwezi uliopita tu, alisema kukata hela ya mtu kwa nguvu ili akopeshwe jirani ni ule ujamaa uliotufikisha kwenye tani elfu ishirini. Mara ya kwanza maishani wakapiga kura upande mmoja.

Ajenda haikufa, imesogezwa mbele. Mzee mmoja wa nyuma aliuliza swali ambalo sina jibu lake bado: mwaka ambao ubwiriunga utakula maua ya kijiji kizima, mfuko utamdai nani? Nimepewa hadi kikao cha Juni nilete hesabu.