Mstari Nilioushindwa

Mimi ni mgumu. Ndivyo tunavyoitwa sisi tunaowabebea wageni mizigo Mlima Kilimanjaro, kilo 20 kila mmoja. Machi 2020 nilishusha kundi salama, nikapewa tipu na jaketi kuukuu. Siku chache baadaye mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa Arusha, na simu ikanyamaza. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikazuiwa. Mei anga likafunguliwa, lakini wageni hawakuja.

Mwanzoni sikuhangaika, maana masika huwa hakuna kazi. Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni ndipo nilipochanganyikiwa. Mtoto hana viatu, na kwenye daftari la madeni la Mangi, mwenye duka, jina langu limejaza ukurasa.

Kanisani niliacha kwenda. Kwetu Walutheri kila msharika ana bahasha yake yenye namba, na yangu ilikuwa tupu. Nilimwambia mke wangu kichwa kinauma. Jumapili ya tatu hakuniuliza tena.

Akaja mzee wa kanisa, mama mtu mzima wa jumuiya yetu.

"Bwana Yesu asifiwe, mwanangu."

"Amina. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unasali?"

"Nisali nini, mama? Nina hasira na Mungu."

Nilitegemea mahubiri. Akasema tu, "Basi mwambie hivyo hivyo," akanifungulia Zaburi ya 13: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?"

Sikujua maneno kama hayo yanaruhusiwa. Huku uchagani tunaipenda Zaburi ya 121, ya kuinua macho kuitazama milima. Mwaka ule nikiinua macho nilikuwa nauona mlima ulioninyima ugali.

Basi kila alfajiri, kabla ya kukata majani ya ng'ombe, nikawa nasimama migombani nasoma ile ya 13 kwa sauti. Ina mistari sita tu. Wa mwisho, wa kumwimbia Bwana, niliuruka wiki nyingi. Niliona nikiusema nitakuwa namdanganya, na yeye anajua. Deni halikupungua hata shilingi, ila usingizi ulirudi, na Jumapili moja nikajikuta navaa shati la kanisani.

Siku hiyo mke wangu alitoa mkungu wa ndizi badala ya fedha. Baada ya ibada ukaingia mnadani pamoja na mayai na miwa. Mzee mmoja akapanda bei hadi wenzake wakanyamaza, akalipa, halafu akasema, "Mpeni aliyeuleta." Nikashtuka. Nikaurudisha nyumbani kichwani, na vijana wakinitania nyuma yangu, "Mgumu kapata mgeni!" Nilicheka hadi nikautua mzigo njiani. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilicheka lini.

Oktoba simu ikaita. Wageni wawili tu, njia ya Machame. Malipo yote yangeishia kwa Mangi, nikijua hivyo. Jioni ya siku ya nne tulikuwa kambi ya Karanga, upepo unapiga mahema. Nikajikunyata nyuma ya hema la jikoni na lile jaketi langu, nikasoma zaburi yangu kwenye simu. Nilipofika mstari wa sita sikuuruka. Niliusema polepole, mara mbili.

Mpishi akaniita. Ukipita Karanga hakuna maji tena, hata kambi inayofuata ya Barafu, kwa hiyo nikachukua madumu, nikateremka bondeni kuteka.