Tulivyomaliza mirathi ya baba, na mama akaamua kupanga ya kwake akiwa hai

Baba alipofariki aliacha nyumba Tanga mjini yenye vyumba vya uani vya kupangisha, shamba la michungwa Muheza, akiba kidogo benki, na daftari. Hilo daftari ndilo lililotuokoa. Aliandika humo nani anamdai na yeye anamdai nani, tarehe kwa tarehe, hadi bati alizokopa dukani kwa ajili ya paa la uani. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na wosia wa mistari michache: vyumba vya uani apewe mdogo wetu wa mwisho "kwa kuwa hajiwezi", chini yake sahihi yake na za mashahidi wawili.

Mdogo wetu ana ulemavu wa akili. Anajua kuoga, anajua kuswali nyuma ya mtu, lakini fedha hazijui. Ukimpa noti ya elfu kumi atampa wa kwanza kumsalimia. Kwa hiyo mirathi yote, ya baba na sasa mipango ya mama, imezunguka swali moja: ataishije sisi tusipokuwepo? Naandika kwa ajili ya familia zenye swali kama hilo, kwa sababu majibu yapo, ila yametawanyika kati ya mahakama, RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) na msikitini.

Mama alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, kwa hiyo kikao cha familia tulikifanyia nyumbani ili naye awepo. Nasisitiza hilo. Vikao vingi hufanyika ukumbini kwa baba mkubwa, mjane analetewa karatasi ya kutia sahihi. Kwetu mama alikaa, akasikia, akasema lake. Tuliandika muhtasari, waliohudhuria wakatia sahihi, nikapendekezwa mimi kuwa msimamizi wa mirathi. Nikachukua cheti cha kifo na muhtasari, nikaenda kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo.

Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au sheria za kimila. Jirani yetu Mkristo alirudishwa pale pale mlangoni, akaelekezwa Mahakama ya Wilaya. Na dini ya jina peke yake haitoshi: panapotokea ubishi, mahakama hutazama marehemu aliishi maisha ya namna gani na alikusudia nini. Kwetu halikuwa na mjadala. Nilijaza Fomu Namba 1, tangazo likabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, muda ukapita, nikaitwa mbele ya hakimu na kupewa Fomu Namba 4, yaani hati ya usimamizi. Karani aliponikabidhi aliniambia, "Dada, hii haikufanyi mwenye mali. Umebebeshwa mzigo wa watu." Natamani kila msimamizi aambiwe hivyo. Nimeona mashauri ya watu waliochukua hati ile wakauza nyumba kana kwamba wamerithi peke yao.

Toka siku ya kuteuliwa unayo miezi minne kuwasilisha Fomu Namba 5, orodha ya mali na madeni ya marehemu. Ukihitaji muda zaidi, unaiomba mahakama. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo familia nyingi hugombana, kwa sababu kabla hujagawa lazima ujue cha marehemu ni kipi. Nyumba ilikuwa kwa jina la baba. Lakini sote tuliokua pale tunajua mama aliuza vitumbua na samaki wa kukaanga miaka mingi, na matofali ya nyumba ya mbele yalitokana na fedha yake. Tulikaa warithi wote tukakubaliana kwa maandishi kwamba nyumba ya mbele ni haki ya mama, haiingii kwenye mirathi. Kilichoingia ni uani. Hakimu aliuliza kila mmoja kama amekubali kwa hiari yake, akapokea.

Kisha mpangilio: gharama za mazishi, madeni, wosia, ndipo warithi. Duka la bati tulilipa kwanza. Baada ya hapo likaja suala la wosia wa daftari, na shehe wetu hakutuficha: hakuna wosia kwa mrithi. Mdogo wetu ni mrithi tayari, kwa hiyo baba hakuweza kumwongezea kwa wosia, hata kama ni kidogo, isipokuwa warithi wenzake waridhie, na ridhaa hiyo ihesabiwe baada ya kifo. Tuliridhia. Dada yangu mmoja alikuwa na deni la ada ya mtoto na angeweza kudai fungu lake la uani, hakudai. Namwombea kila siku.

Vilivyobaki tuligawa. Mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani moja ya nane. Zinazobaki saba ya nane wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Sisi ni wanaume wawili na wanawake watatu, jumla mafungu saba, hivyo kila fungu likawa sawasawa na thumni ya mama. Baada ya madeni, benki ilibaki na shilingi 6,400,000. Mama alipata 800,000, kila kaka 1,600,000, kila binti 800,000. Shamba la Muheza kaka mkubwa alilichukua akatulipa wengine mafungu yetu kwa awamu. Nikajaza Fomu Namba 6, hesabu ya nini kimeingia na kimeenda kwa nani, shauri likafungwa. Hati ya nyumba ilichukua muda zaidi: kwa Msajili wa Hati huandikwa kwanza jina la msimamizi kwa cheo chake, ndipo lihamie kwa anayestahili. Msikatishwe tamaa na hatua hiyo.

Lakini kuna watu wawili hawakuwemo kwenye hesabu yote hii. Dada yetu mkubwa alitangulia mbele ya haki kabla ya baba, akaacha watoto wawili. Wajukuu wa binti hawarithi wakiwepo watoto wa marehemu. Mama aliposikia hivyo hakulia wala hakubishana na shehe. Aliuliza tu, "Basi na mimi nikifa watakuwa hivyo hivyo?" Akajibiwa kwamba ndiyo, akikaa kimya. Asipokaa kimya, anayo theluthi.

Theluthi, yaani moja ya tatu ya mali, ndiyo sehemu ambayo Mwislamu anaweza kuiusia kwa asiye mrithi. Wajukuu wale, kwa kuwa hawarithi, wanafaa kabisa. Mama ana kiwanja Kange alichokinunua kwa fedha zake. Tulikadiria thamani ya nyumba ya mbele na kiwanja, tukaona kiwanja kiko chini ya theluthi kwa mbali, akausia kiwanja kwa wajukuu wawili kwa usawa. Wosia ukaandikwa kwa lugha nyepesi, ukatajwa mteuliwa wa kuusimamia, mama akatia sahihi kila ukurasa mbele ya wakili na mashahidi wawili wasiopata chochote ndani yake. RITA huhifadhi wosia, tukaupeleka huko kwa sababu karatasi ya kabatini ina panya na ina watu. Ndugu wote wanajua upo na uko wapi. Yaliyomo wanayajua pia, mama alitaka hivyo, ingawa sheria haimlazimishi. Akibadili nia kesho anaandika mwingine wenye tarehe mpya.

Kwa mdogo wetu njia haikuwa wosia, ilikuwa hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai na akili timamu. Mama alitaka fremu ya duka iliyo barazani iwe yake, ili iungane na vyumba vya uani. Hiba ina masharti yake: mtoaji atamke, mpokeaji akubali, na mali ikabidhiwe. Hilo la tatu ndilo linaloangusha watu. Mzee anaandika "nimempa fulani nyumba", huku anaendelea kukusanya kodi mwenyewe mpaka anakufa, kisha warithi wanasema hakuna kilichotolewa. Na aliyetoa akiwa kwenye maradhi yaliyomuua, hiba yake huhesabiwa kama wosia, maana yake inarudi kwenye theluthi na kwenye ridhaa ya warithi. Kwa hiyo mama alifanya sasa, akiwa anatembea mwenyewe kwenda sokoni. Kwa kuwa mdogo wetu hawezi kupokea mwenyewe, kaka mkubwa alipokea kwa niaba yake. Mpangaji wa fremu aliitwa, akasomewa, na kodi ya mwezi uliofuata hakumpa mama. Shehe alituuliza kama sisi watoto wengine tuna kinyongo, kwa sababu mzazi ameamrishwa uadilifu kwa watoto wake. Tulisema hatuna, tukatia sahihi.

Sasa kodi inakwenda wapi, ikiwa mwenye mali hajui fedha? Tuliandika hati ya udhamini, yaani ya watu kushika mali kwa niaba ya mwenyewe. Wadhamini ni wawili, mimi na kaka, na akifa au kujiuzulu mmoja, aliyebaki anateua mwingine kutoka kwa watoto wa familia kwa ridhaa ya ndugu. Akaunti ni ya sahihi mbili. Kodi hulipa kwanza chakula na matibabu yake, kisha ukarabati wa vyumba, na kinachozidi kinabaki akaunti, hatugawani. Hakuna mdhamini anayeruhusiwa kujikopesha wala kumpangisha mkewe au mumewe. Hesabu inasomwa mbele ya familia yote kila Idi kubwa, na risiti zinakuwepo mezani. Kifungu hicho cha risiti mama alikidai mwenyewe, akasema, "Nawaamini, lakini wake zenu na waume zenu sijui watawaambia nini."

Tulifikiria pia wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi, na kwa mlinzi wa mtu dhaifu hilo ni jambo la kuvutia. Mama aliliacha kwa sababu vyumba vya uani vinakaribia kuchoka, na huenda siku moja ikabidi kuviuza na kununua pengine kwa ajili ya mdogo wetu. Familia nyingine, yenye mali imara zaidi, ningeishauri iulizie.

Kwa sasa kinachosubiriwa ni usajili wa fremu ile. Mama ameshatuambia kwamba usajili ukitoka, kikao kinachofuata ni cha madeni yake ya kikoba, na kila mmoja aje na anachomdai.