Linki nazichungulia kwanza, ndipo nazifungua

Steshenari yangu ipo Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu, na siku hizi fotokopi si kazi kubwa tena. Watu wanakuja na linki. Nafasi za kazi, usajili wa chuo, fomu za mkopo, semina yenye posho: zote zimetoka kwenye magrupu ya WhatsApp, na nyingi zimefupishwa hadi hujui zinaelekea wapi. Mteja anairusha kwenye namba ya duka, mimi namfungulia kwenye kompyuta. Nikisema nifungue kila inayoingia, bando linaishia kwenye matangazo, na kivinjari kinajaa visanduku vya "ruhusu arifa" ambavyo mtu akivikubali mara moja tu, kona ya skrini haitulii tena.

Wateja wengi huniambia, "Kaka, hii ni ya serikali, si unaona ngao?" Ni kweli, ngao ya Taifa inaonekana pale chini ya ujumbe, pamoja na kichwa cha habari. Ila picha ile na maneno yale mwenye ukurasa ndiye aliyeyaandika kwenye msimbo wa ukurasa wake, akaweka alichotaka. Na WhatsApp hukitengeneza kile kikadi kwenye simu ya mtumaji, si kwenye yako. Kwa hiyo unachokiona ni tangazo la mwenye linki, hakithibitishi chochote.

Ili nichungulie linki kabla ya kuifungua, nilianza na viendelezi vya dirisha, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari. Hivi ukiweka mshale wa kipanya juu ya linki bila kubonyeza, ukurasa wenyewe unajitokeza ndani ya kisanduku pembeni. Niliwahi kuipenda hali hiyo Wikipedia, ambako tangu 2018 ukiweka mshale juu ya neno lenye linki unapata aya fupi na picha. Lakini Wikipedia inachungulia makala zake yenyewe. Kiendelezi cha dirisha kinapakua ukurasa wa mtu usiyemjua, na seva yake inaiona anwani ya kompyuta yako kama kawaida. Ni sawa na kumkaribisha mgeni sebuleni ndipo umwulize kama ni mwizi. Kisha kuna linki za kujiondoa kwenye orodha ya barua pepe au za kuthibitisha akaunti: nyingine zinafanya kazi yake pale tu zinapopakuliwa, uwe umebonyeza au hukubonyeza.

Tatizo lingine ni kisanduku kubaki cheupe, bila ukurasa. Tovuti za benki, barua pepe na mitandao mingi ya kijamii huviambia vivinjari visizioneshe ndani ya fremu ya ukurasa mwingine, ili tapeli asizifunike kwa vitufe vyake. Baadhi ya viendelezi huifuta amri hiyo kimyakimya ili dirisha lijae. Kile nilichokuwa nimekiweka kilikuwa na swichi hiyo kwenye mipangilio, nikaizima. Kuona Facebook kwenye kisanduku hakunilipi kiasi cha kuvunja ulinzi huo. Baadaye nikabaki na dirisha kwa kazi moja tu, kusoma habari na kutafuta vielelezo vya wanafunzi, na nikalipanga lifunguke pale tu ninaposhikilia kitufe cha Shift. Bila hivyo kila mshale unapopita bando linakatika.

Kilichonifaa kwa linki za wateja ni aina ya pili, vile vinavyoifunua linki iliyofupishwa. Havipakui ukurasa mzima. Vinafuata tu mielekezo, hii inakupeleka kule, kule kunakupeleka pengine, hadi mwisho, kisha vinakuonesha anwani ya mwisho. Hapo ndipo kuna jibu. Anwani naisoma kuanzia mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, nikirudi kushoto. Ikiwa kabla ya mkwaju huo pameandikwa .go.tz, ni ya serikali. Ikiwa .go.tz ipo katikati, halafu ikafuata nukta na jina jingine linaloishia na .top au .com, mwenye tovuti ni huyo wa mwisho. Nimeshaziona nyingi za namna hiyo. Jina la tovuti likianza na xn--, yaani lina herufi zisizo za kawaida za Kiingereza, natazama mara mbili, maana kuna herufi za alfabeti nyingine zinazofanana kabisa na zetu.

Siku ya kuviweka nilikaa zaidi kwenye ruhusa kuliko kwenye sifa. Kiendelezi cha kuchungulia kikiomba "kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote," kinaomba pia barua pepe na akaunti ya benki. The Great Suspender, kiendelezi cha kulaza tabo zisizotumika, ilikuwa na watumiaji wengi na sifa nzuri, mwenyewe akaiuza, na Februari 2021 Google wakaiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Kwa hiyo kwenye Chrome nimekiwekea kiendelezi changu kifanye kazi pale ninapokibofya tu, na nimekiweka kwenye wasifu (profile) wa kivinjari wa wateja. Wasifu ninaolipia bili hauna kiendelezi hata kimoja.

Mengine hayahitaji kiendelezi. Linki iliyofupishwa na huduma ya Bitly ukiiongezea alama ya + mwishoni inakuonesha inakoelekea. Nikiwa na shaka kubwa naipeleka urlscan.io, wao wanaufungua ukurasa kwao na kunirudishia picha yake. Ila linki yenye taarifa za mtu, kama ya kubadilisha nywila, siipeleki huko, kwa sababu matokeo ya wazi yanaonekana na kila mtu.

Kwenye simu, Chrome ya Android haipokei viendelezi. Firefox inapokea. Lakini kama linki haijafupishwa, kuibonyeza kwa muda mrefu kunatosha kuisoma anwani.

Kinachonisumbua hadi leo ni fomu za Google. Linki inafunuliwa, anwani inasema docs.google.com, kila chombo kinaipitisha, na ni kweli ukurasa ni wa Google. Maswali ndiyo ya tapeli. Juzi dada mmoja alikuwa na fomu ya ajira iliyotaka namba ya NIDA, namba ya simu na PIN ya kupokelea "posho ya nauli". Nikamshushia ukurasa hadi chini kabisa, pale Google wenyewe wanapoonya kwamba usiandike nywila kwenye fomu hizi.

"Kwa hiyo kaka, ni ya uongo?"

"Nani aliyekutumia?"

Akasema ni mtu wa kwenye grupu, hamjui. Akaomba nimchapie CV tu, akalipa, akaondoka.