Siku moja maishani mwangu: mtaro, koleo na "mengineyo"

Saa 11 alfajiri simu inaita. Mtaro wa nyuma ya msikiti umeziba tena, maji yanarudi chooni kwa watu. Najifunga khanga, nachukua tochi. Kabla sijawa diwani wa viti maalumu ningeamsha vijana, tukazoa taka kwa koleo, yakaisha. Leo nawaamsha vilevile, ila kwanza napiga picha. Bila picha, kikaoni huna lako.

Huku Kigogo bondeni, Dar es Salaam, kuna babu mmoja mwenye mstari wa mkaa ukutani. Aliuchora Desemba 2011, mafuriko yalipojaa Bonde la Msimbazi, na kila mwaka anaupitishia mkaa upya usifutike. Nikisimama kando yake unanifika kifuani. Majirani zake kadhaa walihamia Mabwepande, kule serikali ilikowapa waathirika viwanja, yeye hakubanduka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Zamani ulikuwa unakuja na koleo, mwanangu. Siku hizi unakuja na daftari."

Nikajifanya natafuta kalamu.

Saa 2 nakuta kina mama wanne barazani kwangu. Wanataka mkopo wa asilimia 10, yaani ile sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Katiba ya kikundi chao wameinakili kwa wenzao, na ukurasa wa tatu bado una jina la kikundi cha wafuga kuku. Wao wanapika maandazi. Tumecheka mpaka chai ikapoa, tukarekebisha.

Saa 4, Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani wa kata ndiye mwenyekiti, mtendaji ndiye katibu. Ajenda saba, na mtaro wangu umo kwenye "mengineyo", yaani pale watu wanapoanza kupapasa funguo za pikipiki mifukoni. Nimepewa dakika tatu. Nikaonyesha picha, nikasimulia choo cha yule mama mwenye mapacha. Jibu: "Tumelipokea, mheshimiwa." Nilipokuwa napiga kelele nje na bango, angalau kuna mtu alikasirika.

Saa 7 mazishi. Saa 9 bajaji hadi Magomeni kufuatilia bei ya mifuniko ya zege. Bei imepanda, nisiseme zaidi.

Saa 10 namkuta mtendaji anafunga ofisi. Kumbe ajenda haziandikwi kikaoni, zinaandikwa hapa, kwenye meza hii yenye birika, siku kadhaa kabla. Imenichukua muda wa aibu kulijua hilo! Nikatoa barua: majina ya kaya, sahihi, dole gumba la babu, picha ya mstari wake wa mkaa. Akaisoma akiwa wima, akakaa, akaisoma tena.

"Kikao kijacho naiweka ya nne, mama."

"Ya tatu ni nini?"

"Posho."

Nikamwambia aandike kwa wino, nikamsubiri hadi akaandika.