Mbawa za Asubuhi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu juma hili ni Zaburi 139:7-16. Naomba uisome kwanza, polepole, ndipo uendelee.

Tarehe 11 Desemba 1941, rubani wa miaka 19 aitwaye John Gillespie Magee alikuwa akishuka katikati ya mawingu juu ya Lincolnshire, Uingereza, ndani ya ndege ya kivita aina ya Spitfire. Akagongana na ndege ya mafunzo. Mkulima mmoja alimwona akihangaika kusukuma kifuniko cha kioo kilichomfunika, kisha akasimama, akaruka. Ardhi ilikuwa karibu mno. Parachuti haikuwahi kufunguka.

Huyu alikuwa mtoto wa mchungaji. Alizaliwa Shanghai mwaka 1922, baba mmisionari Mmarekani, mama Mwingereza. Baba yake ndiye yule kasisi aliyebaki katika mji wa Nanjing, China, mwaka 1937 jeshi la Japani lilipokuwa likiwaua raia, akawahifadhi wakimbizi na kupiga filamu kwa siri ili ulimwengu ujue. Nyumba ya namna hiyo ndiyo iliyomlea John. Marekani ilikuwa bado haijaingia katika Vita vya Pili vya Dunia, basi akaenda kujiandikisha katika jeshi la anga la Kanada. Miezi mitatu kabla ya kifo chake aliwaandikia wazazi barua yenye shairi la mistari 14, akawaambia alianza kulitunga akiwa futi 30,000 juu. Linaishia pale anaponyoosha mkono na kuugusa uso wa Mungu. Maneno hayo yamechongwa kwenye kaburi lake, kijijini Scopwick.

Nalipenda shairi lile. Lina furaha ya mtoto aliyefunguliwa mlango akakuta uwanja hauna ukuta. Lakini kila nikifika kwenye mkono ule ulionyooshwa, namkumbuka mkulima na alichokiona. Siku ile mikono ya John ilikuwa inasukuma kifuniko.

Hapo ndipo Zaburi inaponishika: "Ningezitwaa mbawa za asubuhi, na kukaa pande za mwisho za bahari, huko nako mkono wako utaniongoza, na mkono wako wa kuume utanishika." Mwimbaji naye ana mbawa, naye anapanda juu, hata kuzimu anakutaja. Ila mkono anaoutegemea ni wa Bwana. Kuhusu wake mwenyewe hasemi lolote. Namwamini Mungu huyo kwa ajili ya John, katika zile sekunde chache za mwisho ambazo hakuna shairi lingeweza kuzifikia.

Na alikuwepo wa pili. Ndege ya mafunzo ilikuwa na Ernest Aubrey Griffin, mwanafunzi wa urubani, naye wa miaka 19. Alikufa siku hiyohiyo, kwa ajali hiyohiyo. Shairi la John limesomwa kwenye mazishi mengi sana. Griffin hutajwa tu pale mtu anapoeleza jinsi John alivyokufa. Jambo hili linaniuma. Mama yake hakumzaa ili awe maelezo ya kifo cha mwingine.

"Macho yako yaliniona kabla sijakamilika, chuoni mwako ziliandikwa zote pia, siku zilizoamriwa kabla hazijawa bado." Siku za Ernest zimo katika kitabu hicho cha Mungu, kila moja.

Tunapoomba juma hili kwa ajili ya vijana waliomo vitani na wazazi wanaosubiri barua zao, tuwataje hawa wawili kwa majina. Tuanze na Ernest.