Daftari la mama na kura za Bunge Maalum

Mwishoni mwa mwezi wa tisa 2014 nilikuwa nyumbani Dodoma, nimemaliza mwaka wa pili chuo nasubiri kifunguliwe, na pale nyumbani king'amuzi kilikuwa hakitoki TBC kutwa nzima. Mama alikuwa anasubiri wajumbe wa Bunge Maalum la Katiba, lile lililokuwa linaandika katiba mpya ya Tanzania, wapige kura. Sio anasubiri kama watu wengine wanavyosubiri matokeo, hapana, yeye alinunua kabisa daftari la kaunta, akapiga mistari kwa rula, ukurasa wa kushoto akaandika BARA wa kulia akaandika ZANZIBAR, na chini ya kila mmoja safu nne: Ndiyo, Hapana, Siri, Hayupo.

Mama kazaliwa Wete, Pemba. Marehemu baba alikuwa Mrangi wa Kondoa. Kwa hiyo habari ya Muungano kwetu haikuwa ya kwenye gazeti, ilikuwa mezani. Na ndo maana zile kurasa mbili, kwa sababu sheria ilisema Katiba Inayopendekezwa, yaani ile rasimu waliyokuwa wanaipigia kura, lazima ipate theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande peke yake, huwezi kuchukua wingi wa huku ukazibia pengo la kule. Zanzibar walikuwa wajumbe 219, theluthi mbili yake ni 146. Hiyo 146 mama aliiandika juu kwa kalamu nyekundu akaizungushia duara.

Safu ya Hayupo nilimuuliza ya nini. Akanieleza kwa upole kama ananifundisha kuhesabu, kwamba theluthi mbili ni ya wajumbe wote, sio ya waliokaa ukumbini, kwa hiyo UKAWA, lile kundi la wapinzani, waliotoka nje tangu tarehe 16 Aprili bado wamo kwenye hesabu, kiti kitupu hakimsaidii anayetafuta ndiyo. Mimi msomi wa chuo nilikuwa sijalifikiria hilo hata siku moja.

Lakini safu iliyotugombanisha ilikuwa ya Siri, na ugomvi wenyewe ulianza Februari. Watu wengi wameshasahau kwamba Bunge Maalum lilianza tarehe 18 Februari na likakaa wiki karibu tatu linajadili kanuni tu, chini ya mwenyekiti wa muda Pandu Ameir Kificho, kwa sababu bunge lile lilikuwa jipya kabisa halina kanuni zake, ilibidi wajitungie, na sasa unatungaje kanuni wakati huna kanuni ya kukuongoza kuzitunga? Mtaani watu walikasirika sana, posho 300,000 kwa siku halafu mtu anasimama anaomba mwongozo. Na mimi nilikasirika. Leo nasema nilikosea, zile wiki tatu ndo zilikuwa na uzito kuliko nyingi zilizofuata, maana pale ndo palikuwa panaamuliwa mtu ataweza kukataa kwa namna gani.

CCM walitaka kura ya wazi, wapinzani wakataka ya siri. Mvutano ulikuwa mkali mpaka vifungu vya kura wakaviweka pembeni, wakapitisha kanuni nyingine, Samuel Sitta akachaguliwa mwenyekiti tarehe 12 Machi, na ilipofika mwishoni mwa mwezi huo ndo wakakubaliana kwamba kila mjumbe atachagua mwenyewe, anayetaka wazi wazi, anayetaka siri siri.

Mimi nilikuwa upande wa siri. Mama alikuwa wazi, tena wazi haswa. "Mimi sijamtuma mtu kwenda kunong'ona," ndo maneno yake, aliyarudia mara ngapi sijui. Nikamwambia mama, mtu ana bosi wake, ana chama chake, akisimama mbele ya kamera ataogopa. Akasema basi kama anaogopa asingeenda, wangapi walitaka nafasi ile.

Basi kura zikaanza tarehe 29 Septemba. Majina yanaitwa moja moja, anayepiga ya wazi anasema ndiyo au hapana, na kama kuna ibara anazozikataa anazitaja. Mama anapiga vijiti, vinne halafu cha tano anakikata juu, kama anavyohesabu hisa za vikoba vyake, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, yeye ndo alikuwa mweka hazina. Akichagua mtu siri, mama anaguna, anapiga kijiti safu ya tatu. Wale waliokuwa nje ya nchi, wengine wako Hijja Makka maana Idi Kubwa ilikuwa imekaribia, kanuni ilibadilishwa waweze kupiga huko huko waliko, na hilo mama halikumwingia kabisa, aliuliza siri inayosafiri kutoka Makka mpaka Dodoma inapita mikononi mwa watu wangapi. Sikuwa na jibu.

Halafu likaitwa jina la Othman Masoud Othman, Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar. Akachagua kura ya wazi. Nakumbuka mama alisogeza kiti mbele. Na yule bwana kwa sauti ya kawaida kabisa akaanza kutaja ibara anazozikataa, namba baada ya namba, na kati ya hizo zimo za muundo wa Muungano, na kelele ukumbini zikapanda na yeye anaendelea kusoma. Penseli ya mama ikabaki hewani. Hakuwa na safu ya kumweka. Sio Ndiyo, sio Hapana, sio Siri. Mwishowe akaandika pembeni, nje ya mistari yote, kwa herufi ndogo: *huyu kasema*.

Hakuongea mpaka jioni. Alienda jikoni akawa anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Tarehe 2 Oktoba wakatangaza imepita pande zote mbili. Zanzibar ilivuka ile 146 kwa kura za kuhesabu kwa vidole. Mama akafungua daftari akajaribu kulinganisha, haikuwezekana, safu ya Siri ilikuwa imekaa katikati kama ukuta, hujui nani aliivusha. Mimi niliyeitetea siri nilijisikia vibaya, nilikuwa nawaza juu ya anayeogopa kusema hapana, sikuwaza juu ya anayesema ndiyo halafu hajulikani wa kuulizwa. Kwa mtunga sheria naona sasa mama alikuwa sahihi, kura yake iwe wazi, ila lazima pawe na ulinzi kwake baada ya kuipiga, vinginevyo uwazi unabaki mtego tu.

Maana siku chache tu baadaye, kabla hata Katiba haijakabidhiwa kwa Rais Kikwete tarehe 8, ikatoka taarifa kwamba uteuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar umetenguliwa. Tulisikia kwenye redio mama anakuna nazi. Akaacha kukuna. Akaniambia, "Mwanangu, lete lile daftari."

Nikadhani analichoma. Akafungua nyuma kwenye kurasa safi, akachukua mkasi. Jumamosi ile kwenye vikoba walikuwa wanaamua kumfuta au kutomfuta uanachama mwenzao mmoja aliyeshindwa kurejesha mkopo, mama wa watu mume anaumwa, na siku zote walikuwa wanaamua kwa kunyoosha mikono, yeye mwenyewe amekaa pale anawaangalia usoni, na mwenyekiti ambaye wote wanadaiwa naye anaangalia mikono. Nikamuuliza mama vipi tena, si ulisema hutaki kunong'ona. Akasema mjumbe nimemtuma mimi, hawa hakuna aliyetumwa na mtu, hawa wanarudi kulala mtaa mmoja.

Akakunja karatasi mara mbili, akakata vipande sawasawa, akawa anavihesabu kwa mdomo. Wanachama walikuwa 23. Akakata 23, akaongeza viwili vya kuharibika, akaniambia nikatafute kopo tupu la maziwa ya unga nitoboe mfuniko.