Nilivyopata kiasi cha chokaa kinachowatosha kuku wangu wa mayai

Kila asubuhi nilikuta mayai yaliyopasuka, na mengine laini, yametoka bila ganda. Chakula nilichanganya mwenyewe: mahindi, soya, mashudu ya alizeti, pumba, na kilo 4 za chokaa ya mifugo (mawe ya chokaa yaliyosagwa) katika kila kilo 100. Nilikuwa nimesoma kwamba chakula cha kuku anayetaga kinahitaji kalsiamu, madini yanayojenga ganda, asilimia 3.5 hadi 4, nikaona nimetimiza.

Nikaanza kupima. Kwa wiki nzima nilipima chakula nilichoweka na kilichobaki, wastani ukawa gramu 110 kwa kuku kwa siku. Ganda la yai moja lina kalsiamu kama gramu 2, na kuku hunyonya takriban nusu tu ya ile anayokula, kwa hiyo ale gramu 4 hivi. Hapo ndipo kosa lilipojitokeza. Chokaa si kalsiamu tupu. Hata ile safi ina asilimia 38 hadi 40 tu. Kilo zangu 4 zilikuwa zinatoa kilo moja na nusu! Nikapandisha hadi kilo 10, mayai laini yakakoma.

Yale ya kupasuka yalipungua, lakini hayakuisha. Hili lilinisumbua sana, maana hesabu sasa ilikuwa sawa. Jibu lilikuwa kwenye saa. Ganda huchukua kama saa 20 kujengwa, na sehemu kubwa hujengwa usiku, wakati kuku hali chakula. Chokaa ya unga hupita haraka tumboni. Ya chembe kubwa hukaa kwenye firigisi, ikiyeyuka polepole hadi alfajiri.

Sikutaka kuamini tu. Niligawa kuku 60 wa umri mmoja katika vyumba viwili, chakula kilekile, mwanga uleule, kalsiamu ileile. Chumba kimoja chokaa yote ilikuwa unga. Cha pili nusu ilikuwa chembechembe. Rafiki alinisihi niongeze na vitamini D, inayosaidia kunyonya kalsiamu, palepale, nikakataa, kwa sababu nisingejua kilichosaidia ni kipi.

Kwa wiki 6 nilihesabu mipasuko na kutumbukiza mayai ya siku hiyohiyo kwenye maji ya chumvi. Yenye ganda jembamba huelea mapema. Ya chumba cha pili yalizama zaidi, na mipasuko ikawa michache waziwazi, hasa kuku walipozidi kukua umri. Sasa wote wanakula mchanganyiko huo, na mizani ipo mlangoni mwa banda. Kinachofuata ni kupima methionini, moja ya asidi amino zinazojenga protini.